Kwa Nini Watu Wanarudia Tovuti Ndogo

Kila nisomapo makala kuhusu watu walioamua kuipa kisogo mitandao mikubwa ya kijamii na kujijengea tovuti zao wenyewe, aghalabu nakuta jambo hilo likielezwa kama hamu ya mambo ya kale. Mwandishi atataja rangi zinazogombana, picha ndogo zinazometameta na kihesabio cha wageni chini ya ukurasa, kisha atahitimisha kwamba kizazi kilichochoshwa na matangazo kinaitamani intaneti ya utotoni mwake. Mapambo hayo yapo kweli, na baadhi yanapendeza, lakini kuyafanya kiini cha habari ni sawa na kusifu rangi ya mlango bila kuuliza ufunguo anao nani. Kwa maoni yangu, kinachorudi katika harakati hizi ni uwezo wa kuhama: mtu aweze kuondoka kwenye kampuni moja kwenda nyingine, au kwenye kompyuta yake mwenyewe, akiwa na maandishi yake yote, anwani yake ileile na wasomaji wake walewale.

Ndiyo maana naona ajabu kwamba GeoCities imegeuzwa nembo ya intaneti huru ya zamani. Huduma hiyo ilianza mwaka 1994, ikawapa watu nafasi ya bure ya kuweka kurasa zao na kuzipanga katika mitaa kufuatana na mada, wapenzi wa filamu wakakaa Hollywood na wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi wakakaa Area51. Kwa upande wa ubunifu sina neno, kwa sababu watu wengi sana walijifunza kuandika HTML, lugha ya kutengenezea kurasa za mtandao, pale pale kwa kufungua msimbo wa ukurasa wa jirani na kuuchunguza. Hata hivyo ilikuwa kampuni ya biashara, ikipachika matangazo yake kwenye kurasa za watu, na mwaka 1999 ikanunuliwa na Yahoo kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola za Marekani bilioni 3.5. Oktoba 2009 Yahoo ikaifunga, ikabaki ya Japani peke yake, nayo ikafuata Machi 2019. Watu wa kujitolea wa kundi la Archive Team walikesha wakinakili walichoweza kabla ya siku ya kufungwa, na wakaokoa mengi, lakini anwani hazikuokolewa. Kila kiungo kilichoelekea kwenye kurasa zile kutoka mahali pengine popote kilikufa siku hiyo hiyo, hata kama nakala ya ukurasa wenyewe imehifadhiwa mahali fulani. Waandishi wake walikuwa na maandishi, ila hawakuwa na anwani.

Visa vya namna hiyo havikwisha. Google Reader, ambayo watu wengi waliitegemea kufuatilia blogu, ilizimwa tarehe 1 Julai 2013. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba muziki uliopakiwa na wanamuziki kwa zaidi ya muongo mmoja, kiasi kilichokadiriwa kufikia nyimbo milioni 50, ulikuwa umepotea wakati wa kuhamisha seva, yaani kompyuta zinazohifadhi na kutuma faili. Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 zilikuwa hazipatikani tena baada ya miaka kumi. Si haki kuyatupia makampuni makubwa lawama ya asilimia hiyo yote, kwa kuwa tovuti ndogo nazo hufa, na hilo nitalirudia. Tofauti ni kwamba tovuti ndogo ikifa huondoka peke yake, ilhali huduma kubwa ikifungwa hung'oka na mamilioni.

Basi anayetaka kuweza kuhama anahitaji nini? Mambo matatu, na yote ni ya kawaida mno kiasi kwamba hayana wa kuyapigia debe. Anahitaji jina la domeini, yaani anwani ya tovuti, lililosajiliwa kwake, faili zake zikiwa katika muundo ambao kompyuta yoyote inaweza kuufungua, na seva fulani ya kuziweka faili hizo. Jina la domeini, tuseme ukweli, halimilikiwi moja kwa moja. Hulipiwa kila mwaka kwa msajili, na usipolipa linakwenda kwa mwingine. Lakini ni ukodishaji wa aina ya pekee, kwa sababu haufungamani na mahali faili zilipo. Niliwahi kuihamisha tovuti yangu baada ya kampuni iliyokuwa ikiihifadhi kubadili masharti yake ghafla, na kilichonishangaza ni jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa jepesi. Kila rekodi ya DNS, mfumo unaoelekeza jina la domeini kwenye seva yake, hubeba muda, uliohesabiwa kwa sekunde, ambao seva nyingine duniani zinaruhusiwa kuukumbuka mwelekeo wa jina kabla ya kuuliza upya. Siku moja kabla ya kuhama niliupunguza muda huo kutoka 3600, yaani saa nzima, hadi 300. Kesho yake nikanakili folda yote kwenye seva mpya, nikabadilisha namba moja katika rekodi ile, na baada ya dakika chache wasomaji walikuwa wanasoma kurasa zilezile kwenye anwani zilezile kutoka kwenye kompyuta nyingine kabisa. Hakuna aliyeniandikia kuuliza kulikoni, kwa kuwa hakuna aliyejua.

Jambo hilo halikuwa rahisi hivi zamani, hasa baada ya vivinjari kuanza kuzitilia shaka tovuti zisizo na usimbaji fiche. Cheti cha usalama kilikuwa kitu cha kununuliwa, na utaratibu wa kukiweka uliwatoa jasho hata wazoefu. Mwishoni mwa mwaka 2015 Let's Encrypt ilipoanza kutoa vyeti bure kwa umma, tena kwa njia inayojiendesha yenyewe, kizingiti hicho kiliondoka, na sidhani kama harakati hizi zingefika mbali bila huduma ile. Huwa haitajwi sana katika makala za kusifia tovuti ndogo, pengine kwa sababu haina mapambo.

Kuhusu faili zenyewe, ukurasa wa HTML ulioandikwa kwa mkono ni maandishi matupu yenye alama chache: hapa kichwa cha habari, hapa aya, hapa kiungo. Unaweza kuufungua katika programu yoyote ya kuandikia, na ukurasa wa kwanza wa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, wa mwaka 1991 bado unasomeka katika kivinjari cha leo. Makala ya urefu kama huu, bila picha, huchukua takriban kilobaiti 15 tu. Linganisha na takwimu za HTTP Archive, mradi unaopima kurasa za mtandao, ambazo kwa miaka kadhaa sasa zinaonyesha kwamba ukurasa wa kati kwa uzito, ukiupanga mtandao kutoka mwepesi hadi mzito, unazidi megabaiti 2. Sehemu kubwa ya mzigo huo ni picha na msimbo wa JavaScript, na msimbo huo kwa kiasi kikubwa haupo kwa faida ya msomaji, bali upo kumtambua, kumfuatilia na kumnadi kwa watangazaji. Kwa hiyo wepesi wa tovuti ndogo hautokani na mbinu yoyote ya kiufundi. Zimekuwa nyepesi kwa sababu hazina anayezituma kupeleleza. Wapo waliolifanya jambo hili mchezo, kama orodha ya 512KB Club inayozikubali tu tovuti zisizozidi uzito huo, na wapo waliokwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2018 Low-tech Magazine imekuwa na toleo linaloendeshwa na seva ndogo ya umeme wa jua iliyoko Barcelona, ambalo mawingu yakizidi huzimika mpaka jua litoke, na wasomaji wanajulishwa hivyo bila kificho.

Wapo pia walioona kwamba hata HTML imekwisha kuharibika, wakaanza upya. Gemini ni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta, iliyoanzishwa mwaka 2019 na mtu anayejulikana kwa jina la Solderpunk tu, na inatumia lango, yaani mlango wa kuingilia seva, namba 1965, kwa heshima ya mwaka ambao chombo cha kwanza cha mradi wa Gemini wa NASA kilichobeba watu kiliruka angani. Ukurasa wa Gemini husomwa mstari kwa mstari. Mstari unaoanza na alama ya reli ni kichwa cha habari, unaoanza na nyota ni kipengele cha orodha, na kiungo lazima kikae kwenye mstari wake peke yake kikitanguliwa na alama ya usawa na mshale. Hakuna vidakuzi, yaani faili ndogo za kumkumbuka msomaji, hakuna msimbo unaoendeshwa upande wa msomaji, na hakuna njia ya kupachika picha katikati ya aya. Kubwa kuliko yote, itifaki yenyewe iliundwa kwa makusudi iwe vigumu kupanuliwa, ili asitokee mjanja wa kuingiza kwanza hiki, kisha kile, mpaka tukajikuta pale pale tulipotoka. Nimeitumia na nakiri kwamba inabadilisha uandishi: unaposhindwa kuficha kiungo ndani ya neno, unalazimika kumweleza msomaji kwa sentensi kamili unampeleka wapi na kwa nini.

Hata hivyo sioni kwamba mustakabali wa jambo hili uko Gemini. Inahitaji programu yake maalumu ya kusomea, na msomaji ambaye hajasikia habari zake hawezi kuipata kwa bahati. Historia ya Gopher, mfumo wa zamani wa kusoma maandishi kwenye intaneti, ambayo Gemini imejifunza mengi kutoka kwake, inatosha kutuonya. Gopher ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, na kwa muda ilikuwa imara kuliko mtandao wa kurasa tunaoujua leo. Mapema mwaka 1993 chuo kilitangaza kwamba kitatoza ada kwa baadhi ya watumiaji wa programu ya seva yake, na tarehe 30 Aprili mwaka huo CERN ikatangaza kwamba teknolojia yake ya kurasa ni mali ya umma bila malipo. Zilikuwapo sababu nyingine, lakini ada ile iliwatia watu shaka, nao wakahamia walikokuwa na uhakika wa kutokuja kudaiwa. Kwa maneno mengine, mtandao huu tunaoulalamikia ulishinda kwa sababu haukuwa na mwenyewe, na sifa hiyo bado unayo kwa yeyote anayetaka kuitumia. Ningependa kuona nguvu nyingi zaidi zikienda kwenye HTML nyepesi kuliko kwenye itifaki mpya, ingawa siwakatazi wanaofurahia Gemini yao.

Nikiulizwa ni kipande gani cha teknolojia ya zamani kinachostahili kufufuliwa kwanza, nitajibu bila kusita kwamba ni mlisho wa RSS, na pengine neno kufufuliwa halifai kwa sababu haujawahi kufa. Mlisho ni faili moja kwenye seva yako, yenye orodha ya makala zako mpya, tarehe zake na anwani zake. Programu ya msomaji huifuata faili hiyo kila baada ya muda, huilinganisha na ilichoona mara ya mwisho, na humwonyesha kilichoongezeka. Basi. Hakuna akaunti ya kufungua, hakuna mtu wa kati anayeamua kwamba makala hii ipandishwe na ile ifichwe, na mwandishi hawezi kujua jina la anayemsoma. Muundo huu ulianzia Netscape, kampuni ya kivinjari, mwaka 1999, toleo la RSS 2.0 likatoka mwaka 2002, na baada ya Google Reader kuzimwa wengi waliutangazia msiba. Wakati huo huo vipindi vya sauti vya podikasti viliendelea kusambazwa kwa faili hizo hizo za RSS, na mpaka leo mtu anaweza kusikiliza kipindi kilekile katika programu yoyote anayoipenda, na mtayarishaji anaweza kuhama kutoka kampuni moja ya uhifadhi kwenda nyingine bila kupoteza wasikilizaji. Biashara kubwa imejengwa juu ya msingi huo na bado msingi haujafungiwa. Sijui hoja yenye nguvu kuliko hiyo dhidi ya wanaodai kwamba viwango vya wazi ni ndoto za wapenda kompyuta.

Mitandao ya kijamii iliyogatuliwa, yaani iliyogawanywa kwenye seva nyingi za watu mbalimbali, nayo inafaa kupimwa kwa kipimo hicho hicho cha kuhama. Mastodon ilianza mwaka 2016, na itifaki ya ActivityPub inayoiunganisha na seva nyingine ikawa kiwango rasmi cha W3C, shirika la viwango vya mtandao, Januari 2018. Elon Musk alipoinunua Twitter Oktoba 2022, watu wengi walikimbilia huko, na wengi kati yao hawakukaa. Waliobaki waligundua kwamba kwenye Mastodon unaweza kuhamisha akaunti yako hadi seva nyingine na wafuasi wako wakakufuata, lakini machapisho yako ya zamani hubaki ulikotoka. Ni nusu ya uhuru, ambayo ni bora kuliko kukosa kabisa, ila mwenye seva akichoka akaifunga, uliyoyaandika yanaota mbawa. Kwa sababu hiyo napendelea utaratibu unaosisitizwa na watu wa IndieWeb, harakati ya wenye tovuti zao binafsi, waliofanya mkutano wao wa kwanza Portland, Oregon, mwaka 2011: chapisha kwanza kwenye tovuti yako, kisha peleka nakala au kiungo kwenye mitandao ambako marafiki zako wapo. Nakala ya mtandaoni ikifutwa, hujapoteza kitu.

Udhaifu mkubwa wa tovuti ndogo ni kwamba hazionekani. Kuijenga ni kazi ya siku chache. Kupata hata wasomaji kumi usiowajua kunaweza kuchukua mwaka, na anayeahidiwa vinginevyo anadanganywa. Injini kubwa za utafutaji huzipa nafasi tovuti kubwa, na siku hizi huweka juu ya matokeo jibu lililotungwa na akili mnemba, hivyo hata aliyekuwa njiani kuja kwako hafiki. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na minyororo ya tovuti, ambapo chini ya kila ukurasa palikuwa na kiungo cha tovuti iliyotangulia na kinachofuata katika mada hiyo. Mfumo wa WebRing uliowawezesha wengi kufanya hivyo uliundwa na Sage Weil, ambaye baadaye aliunda mfumo wa hifadhi wa Ceph. Kosa lake lilikuwa moja: viungo vyote vilipita kwenye seva moja, na seva hiyo ilipoingia mikononi mwa Yahoo pamoja na GeoCities na kubadilishiwa mambo, minyororo mingi ilikatika. Waliofufua minyororo siku hizi wamelishika somo, kwani mingi ni orodha fupi ambayo kila mwanachama anaweza kuinakili. Ipo pia injini ya utafutaji ya Marginalia, iliyotengenezwa na Viktor Lövgren wa Uswidi na kuanza kutumiwa na watu mwaka 2021 ikiwa kwenye kompyuta nyumbani kwake, ambayo hupendelea kurasa zenye maandishi mengi na msimbo kidogo. Mimi huitumia ninapotaka kusoma, siyo ninapotaka jibu la haraka, na mara nyingi hunipeleka kwa mtu aliyeandika kwa kina kuhusu jambo ambalo sikujua kwamba lina mpenzi hata mmoja.

Nasikitika kuongeza kwamba wanaoingia kwenye harakati hizi hupenda kujichosha bure. Kuna watu wanaobadilisha programu ya kutengenezea tovuti kila msimu, na makala pekee kwenye tovuti zao ni ile inayoeleza kwa nini wamebadilisha programu. Anayetaka kuandika aandike.

Tatizo jipya, na zito kuliko yote niliyoyataja, ni roboti za kukusanya data kwa ajili ya kufundishia akili mnemba. Utaratibu wa faili la robots.txt, linaloziambia roboti zisisome nini, uliopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994 na kuandikwa rasmi kama RFC 9309, waraka wa viwango vya intaneti, mwaka 2022, ulisimama tangu mwanzo juu ya uungwana: faili linaomba, halizuii. Kwa miaka mingi uungwana huo ulitosha. Sasa wamiliki wa seva ndogo wanaripoti roboti zinazojifanya vivinjari vya kawaida, zinazokuja kutoka anwani nyingi mno kwa wakati mmoja na kusoma kila ukurasa tena na tena, mpaka seva inaelemewa. Baadhi wameweka Anubis, programu huria iliyotoka mwaka 2025, ambayo humtaka mgeni kivinjari chake kifanye hesabu kidogo kabla ya kuruhusiwa kuingia. Kwa mtu mmoja ni sekunde chache, kwa roboti yenye mamilioni ya kurasa ni gharama. Naielewa sababu yake, lakini inanikera, kwa kuwa hesabu hiyo hufanywa kwa JavaScript, na aliyezima JavaScript kwenye kivinjari chake huweza kubaki nje wakati mwenye simu kuukuu anangojeshwa. Hao ndio wasomaji tuliodai kwamba tunawajengea. Kwangu bado sijaiweka, na seva yangu ikizidiwa huenda nikalazimika.

Nilisema nitarudia habari ya tovuti ndogo kufa. Mwenye tovuti akifariki, domeini yake haitalipiwa, na baada ya muda mfupi jina hilo linaweza kununuliwa na mtu wa kuuza dawa bandia. Hapo mitandao mikubwa inatushinda, maana akaunti ya marehemu huweza kubaki kwa miaka. Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa, husaidia, ila inasaidia pale tu ilipobahatika kupita. Kwa hiyo nimechukua hatua mbili zinazowezekana bila mwanasheria. Kwenye ukurasa wangu wa utambulisho nimeweka kiungo cha kupakua tovuti nzima ikiwa faili moja, nikaandika chini yake kwamba yeyote ana ruhusa ya kuinakili na kuiweka popote mradi asibadilishe maneno. Kisha nimevibadilisha viungo vya ndani vyote viwe vya mahali pale pale, bila kutaja jina la domeini, ili anayeifungua folda hiyo kwenye kompyuta yake, hata bila intaneti, aweze kuitembelea kutoka ukurasa hadi ukurasa kama kawaida. Kazi hiyo ya viungo ilinichukua jioni moja, na ndiyo ninayompendekezea mwenye tovuti yoyote aifanye kabla hajagusa rangi wala mapambo.